CHAMA CHA WAFANYAKAZI WA SERIKALI NI CHA NANI? Mafunzo kutoka Tanga na Amani

Katika madarasa ya siasa kuna swali moja ambalo haliishi kurudi, na mara nyingi huulizwa na kada kijana ambaye mwenyewe ni mtumishi wa umma. Swali lenyewe ni hili: ikiwa Serikali ni yetu, na Chama kinachoiongoza ni cha wakulima na wafanyakazi, basi chama cha wafanyakazi wa Serikali kinamtetea nani, na kinamtetea dhidi ya nani? Wengine hulijibu kwa haraka. Husema kwamba chama cha namna hiyo ni mabaki ya zama za mabepari, kazi yake siku hizi ni kugawa fulana na kofia za Mei Mosi. Wengine husema kinyume, kwamba bila chama hicho mtumishi hana kinga yoyote. Majibu yote mawili yana upungufu, kwa sababu yote yanaliangalia jambo lilivyo leo bila kuangalia lilivyozaliwa na lilivyokua. Makala hii inajaribu kulieleza kwa kutumia historia ya mkoa mmoja, Tanga, na hasa sehemu moja ndani yake, Amani, katika milima ya Usambara ya Mashariki, wilayani Muheza.

Tumechagua Tanga kwa sababu maalumu. Chama cha kwanza cha watumishi Waafrika wa Serikali katika Tanganyika kilianzishwa Tanga, mwaka 1922, miaka 7 kabla ya African Association kuundwa Dar es Salaam mwaka 1929. Na African Association ndiyo iliyozaa TAA, na TAA ndiyo iliyozaa TANU tarehe 7 Julai 1954. Kwa hiyo kada anayedharau vyama vya watumishi anadharau sehemu ya ukoo wake mwenyewe.

MAKARANI WA TANGA

Mwanzilishi wa chama hicho alikuwa Martin Kayamba, Mbonde aliyezaliwa Zanzibar mwaka 1891 na kusomeshwa na misheni ya UMCA huko Kiungani. Katika Vita Kuu ya Kwanza Wajerumani walimfunga pamoja na wenzake wa misheni kwa kuwashuku kuwa upande wa Waingereza. Waingereza walipokamata nchi, Kayamba akawa karani katika ofisi ya wilaya Tanga, na akapanda hadi kuwa karani mkuu. Chama alichokianzisha kilikuwa cha makarani, walimu na watumishi wengine wenye elimu. Kilikuwa na mahali pa kukutania, pa kusomea magazeti na pa kupangia michezo. Wanachama wake walikuwa Wakristo na Waislamu, wa makabila mbalimbali, na wengine walitoka nje ya Tanganyika kabisa. Wakati mkoloni alikuwa anajiandaa kututawala kwa kutugawa makabila makabila, chumba hicho cha makarani pale Tanga kilikuwa ni jambo kubwa kuliko lilivyoonekana.

Lakini tusilipambe. Makarani hawa walikuwa tabaka dogo lililokuwa katikati. Kwa upande mmoja mkoloni aliwabagua: ngazi za mishahara zilikuwa 3, ya Mzungu, ya Mwasia na ya Mwafrika, hata kazi ikiwa ni ile ile. Kwa upande mwingine wao ndio waliokuwa mikono ya mkoloni: waliandika vitabu vya kodi, walitafsiri mashauri, walipeleka amri kwa majumbe. Chama chao kiliomba heshima na mishahara bora kwa watumishi; hakikumsemea mkata mkonge aliyekuwa akifa kwa kazi maili chache kutoka mlangoni pao. Kayamba mwenyewe alikwenda London mwaka 1931 kutoa ushahidi juu ya mpango wa kuziunganisha nchi za Afrika Mashariki, na mwaka uliofuata akapewa cheo katika makao makuu ya Serikali ya kikoloni Dar es Salaam, cheo ambacho hakuna Mwafrika aliyekuwa amekifikia kabla yake. Njia yake ilikuwa njia ya kupanda ngazi, na mkoloni alimpandisha kwa kuwa alijua faida yake.

Mvutano huo, kati ya kuomba nafasi ndani ya nyumba ya mkoloni na kuibomoa nyumba yenyewe, ndio uliokuja kuamuliwa na kizazi kilichofuata. Wakati huo huo wafanyakazi wasio na kalamu walikwisha kuonyesha njia nyingine: makuli wa bandari ya Tanga waligoma mwaka 1937, wakagoma tena mwaka 1939. Baada ya Vita Kuu ya Pili, watumishi wa Serikali wakawa na chama chao, TAGSA, ambacho kilipambana na ubaguzi wa mishahara uliokuwa umepewa baraka na tume za Kiingereza. Tume ya Holmes ya mwaka 1948 iliendeleza kanuni kwamba asiye Mzungu alipwe sehemu 3 kwa 5 za mshahara wa Mzungu. Mkoloni alipoona kwamba madai ya mishahara na madai ya uhuru yanaanza kuwa kitu kimoja, alitoa waraka mwaka 1953 wa kuwakataza watumishi wa Serikali kujiunga na vyama vya siasa. TANU ilipozaliwa mwaka uliofuata, watumishi wengi waliokuwa nguzo za TAA hawakuweza kuchukua kadi waziwazi.

Hapo ndipo umuhimu wa chama cha wafanyakazi ulipoonekana. Mtumishi aliyefungiwa mlango wa siasa alibaki na mlango wa chama chake cha kazi. Rashidi Kawawa, aliyekuwa mtumishi wa Serikali na kiongozi wa TAGSA, alikuwa Katibu Mkuu wa kwanza wa TFL, shirikisho la vyama vya wafanyakazi lililoundwa mwaka 1955. Hatimaye akawa Waziri Mkuu. Waraka ule wa mkoloni haukuzuia siasa. Uliisukuma iingie katika madai ya mshahara.

AMANI: WAFANYAKAZI WA SAYANSI

Sasa tupande mlimani. Amani ni mfano mzuri kwa mwanafunzi wa siasa kwa sababu kwa zaidi ya miaka 100 mwajiri mkubwa pale amekuwa ni dola, ingawa dola yenyewe ilibadilika mara kwa mara. Wajerumani waliifungua taasisi yao ya utafiti wa mimea na kilimo mwaka 1902. Walileta mbegu kutoka pande zote za dunia: miti ya mbao, viungo, mpira, kahawa, na mkwinini ambao gome lake hutoa dawa ya malaria. Wataalamu wa Ulaya wakaandika majina yao katika vitabu. Waliochimba mashimo, waliobeba maji, waliofyeka msitu na kujenga njia hawakuandikwa. Huko Usambara wakati huo kulikuwa na kipande: tangu mwaka 1907 mwanamume alipewa kadi iliyomtaka afanye kazi ya mshahara kwa Mzungu siku 30 katika kila miezi 4. Anayestaajabia bustani ya Amani leo, na inastahili kustaajabiwa, akumbuke kwamba sehemu ya mali ile ni jasho ambalo halikuuzwa kwa hiari.

Waingereza waliifufua Amani mwaka 1927 ikawa kituo cha utafiti wa kilimo cha Afrika Mashariki nzima. Katika miaka ya 1930 wataalamu Storey na Nichols walizalisha hapo aina za muhogo zenye kustahimili ugonjwa wa batobato, na kizazi cha muhogo ule kilikuja kutumika hata Afrika Magharibi. Kisha kilimo kikahamishiwa Muguga, Kenya, na Amani ikapewa malaria na magonjwa mengine yanayoenezwa na wadudu. Hapo likazaliwa kundi jipya la wafanyakazi: wakamata mbu, wasoma darubini, waangalizi wa wanyama wa maabara, madereva wa safari za utafiti, makarani wa takwimu. Walikuwa wafanyakazi wenye ujuzi mkubwa na vyeti vichache. Mtu mwenye elimu ya msingi aliweza kutambua aina ya mbu kwa haraka kuliko mgeni mwenye shahada. Jambo hili tulishike, maana tutalirudia.

Taasisi ile haikuwa mali ya Tanganyika peke yake. Ilikuwa ya huduma za pamoja za Afrika Mashariki, na tangu mwaka 1967 ya Jumuiya ya Afrika Mashariki. Jumuiya ilipovunjika mwaka 1977, wafanyakazi wake wote, wa reli, wa posta, wa bandari, wa ndege na wa vituo vya utafiti kama Amani, waliamka asubuhi mwajiri wao hayupo. Nchi 3 zikaanza kugawana mali na madeni. Mgawanyo wenyewe ulitiwa sahihi Arusha tarehe 14 Mei 1984, baada ya upatanishi wa Victor Umbricht wa Uswisi, na kila nchi ikakubali kubeba wajibu wa mafao ya wafanyakazi waliokuwa raia wake. Hapa Tanzania utafiti wa afya ukawekwa chini ya Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu, NIMR, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1979, na Amani ikawa moja ya vituo vyake. Shughuli nyingi baadaye zikateremka Muheza, na msitu wenyewe ukatangazwa Hifadhi ya Mazingira Asilia mwaka 1997.

Na mafao? Wazee wa Jumuiya, kama walivyokuja kuitwa, walidai kwa miaka zaidi ya 20. Walikwenda mahakamani. Walikaa barabarani Dar es Salaam mbele ya magari, wengine wakiwa na mikongojo. Mwaka 2005 Serikali ilifikia makubaliano nao mahakamani na malipo yakafanyika, ingawa baadhi yao waliendelea kudai kwamba walichopewa hakikutosha. Hapa hatuamui shauri hilo. Tunauliza swali la kisiasa: katika miaka yote hiyo, wazee wale waliongozwa na nani? Waliongozwa na kamati zao wenyewe na mawakili wao. Jumuiya yao ya wafanyakazi haikuwa mbele. Kwa nini? Jibu liko katika sura inayofuata ya historia yetu, na kada hapaswi kuikwepa.

TFL, NUTA, JUWATA

Baada ya Uhuru ulitokea mgongano kati ya Serikali ya TANU na baadhi ya viongozi wa TFL. Viongozi hao walitaka vyama vibaki huru; Serikali iliona kwamba nchi changa haiwezi kujengwa kwa migomo. Sheria za mwaka 1962 ziliubana mgomo na kuwazuia watumishi wa Serikali wa ngazi za juu wasiwe wanachama wa vyama vya wafanyakazi. Victor Mkello, kiongozi wa wafanyakazi wa mashamba, ambao ngome yao ilikuwa ni mkonge wa Tanga, alipelekwa Sumbawanga mwaka 1963. Baada ya maasi ya jeshi ya Januari 1964 viongozi wengi wa vyama walikamatwa, TFL ikavunjwa, na kwa sheria ikaundwa NUTA, chama kimoja cha wafanyakazi wote. Katibu Mkuu wake aliteuliwa na Rais. Wa kwanza, Michael Kamaliza, alikuwa wakati huo huo Waziri wa Kazi. Mwaka 1978, baada ya CCM kuzaliwa, NUTA ikawa JUWATA, moja ya Jumuiya za Chama.

Ni vizuri tuwe waadilifu. Mfumo huo uliwapa wafanyakazi mambo ambayo wafanyakazi wa nchi nyingi jirani hawakuyapata. Sheria ya mwaka 1964 ya kulinda ajira iliweka kamati za wafanyakazi na kumzuia mwajiri kumfukuza mtu kwa hasira zake. Waraka wa Rais Namba 1 wa mwaka 1970 ulileta mabaraza ya wafanyakazi. Mwongozo wa TANU wa mwaka 1971 ulimpa mfanyakazi haki ya kumkataa kiongozi mwenye majivuno na uonevu, na wafanyakazi waliuchukua Mwongozo kwa maana yake halisi: kati ya mwaka 1971 na 1973 walisimamisha kazi katika viwanda vingi, wakidai heshima kabla ya mshahara. Waliitumia kauli ya Chama dhidi ya mameneja waliojiita wa Chama. Warasimu wakashtuka, na kabla ya miaka mingi kupita Mwongozo ule ukawa unanukuliwa zaidi kwenye sherehe kuliko kwenye karakana.

Upungufu wa mfumo ule ulikuwa mmoja lakini mkubwa. Mwajiri, Chama na chama cha wafanyakazi walikuwa na kiongozi mmoja. Mfanyakazi aliyepeleka malalamiko JUWATA alikuwa anayapeleka kwa ndugu wa yule anayemlalamikia. Mali ya mgogoro ikiwa ndogo, viatu vya kazi kwa mfano, jambo lilikwisha kwa simu moja. Mgogoro ukiwa na Hazina yenyewe, kama ule wa mafao ya Jumuiya, simu hiyo haikuwa na wa kuipokea.

Tatizo hili halikuwa letu peke yetu. Mwaka 1920 na 1921, wakati Urusi ilipokuwa ikitoka vitani, Trotsky alitaka vyama vya wafanyakazi viwe sehemu ya dola kwa kuwa dola ni ya wafanyakazi. Lenin alipinga. Alieleza kwamba dola ile ilikuwa na kasoro za urasimu, na kwa hiyo wafanyakazi walihitaji vyama vya kuilinda dola yao na pia vya kujilinda nayo. Hoja hiyo ilishinda katika mkutano lakini baadaye ilizikwa katika utekelezaji, na wafanyakazi wa Poland walipounda Solidarność mwaka 1980, katika nchi iliyojiita ya wafanyakazi, ilikuwa ni hoja ile ile iliyofufuka ikiwa na hasira. Mwanafunzi asome vipindi hivyo viwili pamoja.

HALI YA SASA

JUWATA ilikoma mwaka 1991 ikaja OTTU, iliyotoka chini ya Chama. Mwaka 1992 ulipokuja mfumo wa vyama vingi, matawi ya siasa yakaondoka mahali pa kazi. Vyama vya kisekta vikaundwa: CWT kwa walimu mwaka 1993, TUGHE kwa watumishi wa Serikali na afya mwaka 1995, TALGWU kwa wa serikali za mitaa, RAAWU kwa watafiti na vyuo. Sheria ya mwaka 1998 ilianza kutumika Julai 2000, shirikisho la TUCTA likafuata, na sheria za kazi za mwaka 2004 ndizo zilizojenga mfumo uliopo. Kwa watumishi wa umma iko pia sheria ya majadiliano ya mwaka 2003.

Kazi za tawi la TUGHE au chama kingine cha aina hiyo ni za kila siku na hazina ngoma. Tawi hukusanya kero: likizo isiyolipwa nauli, kupandishwa cheo kulikochelewa, malimbikizo ya mshahara, posho ya mazingira magumu, mtumishi aliyeonewa katika nidhamu. Hupeleka wajumbe katika baraza la wafanyakazi, ambalo hupitia bajeti ya taasisi kabla haijakwenda juu. Hujadiliana na mwajiri kupata mkataba wa hali bora. Shauri likishindikana huenda Tume ya Usuluhishi na Uamuzi. Mgomo uko katika sheria, lakini kwa huduma muhimu kama afya umefungwa, na kwa watumishi wengine una hatua nyingi za kupita.

Kuna mambo 2 katika utaratibu huu ambayo makada wengi hawayajui. La kwanza ni kwamba mwenyekiti wa baraza la wafanyakazi ni mkuu wa taasisi mwenyewe. Baraza ni chombo cha kushauriana na mwajiri, si cha kudai kwake. Tawi linalodhani limemaliza kazi kwa kuhudhuria baraza limekosea chumba. La pili ni ada ya uwakala. Mahali ambapo chama kimepata wanachama zaidi ya nusu na kutambuliwa, hata asiye mwanachama anaweza kukatwa ada, kwa sababu naye hufaidika na majadiliano. Kanuni hiyo ina haki ndani yake. Lakini ina sumu pia: chama kinachopokea fedha kutoka Hazina kila mwezi bila kumwomba mtu huweza kusahau sura za wanachama wake. Kituo kama Amani kiko zaidi ya kilomita 30 juu ya Muheza, kwa barabara ambayo mvua za masika huifanya inavyotaka. Kiongozi anaweza kukaa mwaka mzima asipande, na makato yakafika kwa wakati.

Tukumbuke sasa wale wakamata mbu na wasoma darubini wenye elimu ya msingi. Uhakiki wa watumishi wa miaka ya 2016 na 2017 ulikuwa na lengo sahihi: kuwaondoa watumishi hewa na wenye vyeti vya kughushi. Aprili 2017 orodha ya wenye vyeti vya kughushi ilifikia watu 9,932. Lakini katika wimbi hilo waliondolewa pia wenye elimu ya darasa la saba, madereva, wahudumu, walinzi, watu ambao hawakughushi chochote. Vyama vya watumishi vilipinga. Mwaka 2018 Serikali ilikubali kwamba walioajiriwa kabla ya tarehe 20 Mei 2004, siku ambayo sifa ya kidato cha nne ilianza kutakiwa, warudishwe kazini na walipwe haki zao. Huu ni mfano wa wazi wa kazi ya chama. Haukuhitaji mgomo wala matusi. Ulihitaji mtu aliyeujua waraka kwa tarehe yake na kuthubutu kumwambia mwajiri kwamba amekosea.

KIKOKOTOO

Mfano wa kinyume ni mafao ya kustaafu, na hapa tutakaa kidogo, kwa kuwa kada akiulizwa jambo hili mitaani mara nyingi hujibu kwa kelele.

Hadi Juni 1999 pensheni ya mtumishi wa Serikali Kuu ilitoka Hazina na mtumishi hakuchangia. Mfuko wa PSPF ulipoanza, ulirithi wajibu wa kuwalipa watu ambao michango yao ya zamani haikuwahi kuwekwa popote. Deni hilo likakua miaka karibu 20. Mwaka 2018 mifuko ya umma iliunganishwa kuwa PSSSF, na kikokotoo kipya kikatangazwa chenye mkupuo wa asilimia 25. Watumishi walipiga kelele, na Desemba mwaka huo Rais Magufuli akasimamisha matumizi yake. Julai 2022 kikaja kikokotoo cha asilimia 33, kilichokubaliwa kati ya Serikali, waajiri na vyama vya wafanyakazi. Mwaka 2024 mkupuo ukapandishwa hadi asilimia 40 kwa wale ambao zamani walipata 50.

Tuchukue mtumishi wa mfano mwenye utumishi wa miezi 360, yaani miaka 30, na mshahara wa kukokotolea wa shilingi 1,000,000 kwa mwezi. Kwa utaratibu wa zamani wa PSPF, wa 1/540, pensheni yake ya mwaka ni shilingi 8,000,000. Nusu yake ikizidishwa kwa 15.5 inampa mkupuo wa shilingi 62,000,000, na pensheni ya kila mwezi ni kama 333,000. Kwa utaratibu wa mwaka 2022, wa 1/580, pensheni ya mwaka ni kama 7,448,000. Asilimia 33 yake ikizidishwa kwa 12.5 inatoa mkupuo wa karibu 30,724,000, na kila mwezi kama 416,000. Kwa asilimia 40 mkupuo ni kama 37,241,000 na kila mwezi kama 372,000.

Kwa hiyo kauli kwamba pensheni ya mwezi imeongezeka ni kweli, na kauli kwamba mstaafu amepunguziwa ni kweli pia. Kati ya utaratibu wa zamani na ule wa asilimia 33, amepungukiwa mkupuo wa shilingi milioni 31 na ameongezewa karibu 83,000 kwa mwezi. Ili nyongeza hiyo ifidie pengo inahitaji zaidi ya miaka 31. Aliyestaafu akiwa na miaka 60 atakuwa na 91. Wenye kutetea husema kwamba mfuko usingehimili, nao hawasemi uongo. Ila mfuko haukuishiwa nguvu kwa ulafi wa mtumishi. Ulibeba deni la mwajiri, na mwajiri alianza kulipunguza kwa hati fungani baadaye sana.

Viongozi wa vyama waliokubali mwaka 2022 pengine walipata kilichoweza kupatikana. Kosa lao, kwa maoni yetu, liko kwingine. Hawakushuka na hesabu hii mezani kabla ya kutia sahihi. Mwanachama aliisikia redioni kama alivyoisikia asiye mwanachama. Ndipo hasira za watumishi zikageukia vyama vyao kuliko hata Serikali, na hilo kada makini ataliona kuwa ni hatari kwa Chama pia. Chama cha wafanyakazi kikipoteza imani ya watu, malalamiko hayafi. Hutafuta mlango mwingine. Mgomo wa madaktari wa mwaka 2012 uliongozwa na jumuiya ya madaktari wenyewe, nje ya vyama vya wafanyakazi, na wakati huo hapakuwa na mtu ambaye Serikali ingeweza kukaa naye akasema jambo na likasikika wodini.

Wapo wanaotoa mfano wa mwaka 2010. TUCTA ilidai kima cha chini cha shilingi 315,000 na kutishia mgomo; Rais Kikwete, akizungumza na wazee wa Dar es Salaam tarehe 3 Mei, akakataa waziwazi, na mgomo haukufanyika. Wanaotoa mfano huo huutumia kuonyesha kwamba vyama havina nguvu. Lakini kiwango kile kilichoitwa ndoto kilipitwa bila nchi kufilisika: mwaka 2022 kima cha chini cha Serikali kilipandishwa kwa asilimia 23.3, na Mei Mosi ya mwaka 2025 huko Singida kikatangazwa kupanda kutoka shilingi 370,000 hadi 500,000 kuanzia Julai. Kati ya dai na jibu ilipita miaka kadhaa ambayo ndani yake mishahara ilikaa bila nyongeza huku bei zikipanda. Bei hazikusubiri majadiliano.

WAJIBU WA KADA

Kada ambaye ni mtumishi wa umma ana kadi 2 mfukoni. Ndani ya Chama anafungwa na uamuzi wa Chama. Ndani ya tawi la wafanyakazi anafungwa na uamuzi wa wafanyakazi wenzake, ambao wengine si wana-CCM, na sheria haiwataki wawe. Akienda kwenye mkutano wa tawi kama mpelelezi wa mwajiri, amelivunja tawi na amekichafua Chama kwa tendo moja. Akienda kugeuza tawi kuwa jukwaa la uchaguzi, vivyo hivyo. Nafasi yake halali ni ile ya mwanachama anayejua zaidi: anayejua Waraka wa 1970 unasema nini, sheria ya 2003 inataka hatua gani, kikokotoo kinafanyaje kazi, na anayewasomea wenzake bila kuficha sehemu isiyopendeza.

Pia anao wajibu wa kuuliza habari za fedha. Sheria ya mwaka 2004 inakitaka kila chama cha wafanyakazi kiwe na hesabu zilizokaguliwa, zipelekwe kwa Msajili na ziwe wazi kwa wanachama. Ni matawi machache ambayo huziomba. Mwalimu hukatwa asilimia 2 ya mshahara kila mwezi kwa ajili ya chama chake. Kwa utumishi wa miaka 30 hiyo ni zaidi ya mishahara ya miezi 7. Katibu wa tawi la Amani, au la zahanati yoyote ya Bonde, anaweza kuanza na barua ya ukurasa mmoja kwenda mkoani, akiomba nakala ya hesabu za mwaka uliopita na tarehe ambayo kiongozi wa mkoa atapanda mlimani kuzieleza.